Misoprosto ya kulainisha shingo ya kizazi: mwongozo kwa wakunga wa wodi ya uzazi

Kidonge kimoja cha misoprosto cha maikrogramu 200 kina dozi nane za kulainisha shingo ya kizazi ili uchungu uanze. Mama aliyekwisha kujifungua na anavuja damu hupewa vidonge vinne kwa mpigo, chini ya ulimi. Mama ambaye mtoto bado yumo tumboni hupewa sehemu moja ya nane ya kidonge kimoja. Dawa ni ileile, pakiti ni ileile, na katika wodi nyingi hata droo ni ileile. Kwa hiyo kazi ya kwanza haianzi kitandani kwa mama, inaanzia kabatini. Misoprosto ya kuzuia na kutibu kuvuja damu ikae kwenye sanduku la dharura ya damu. Ya kuanzisha uchungu ikae pengine, imeandikwa kwa herufi kubwa "MAIKROGRAMU 25 TU, MTOTO YUMO TUMBONI".

Vidonge visitolewe kwenye karatasi yake ya alumini mpaka dakika ya kuvitumia. Misoprosto huharibiwa na unyevu, na hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja haina huruma. Kidonge kilichokaa siku mbili ndani ya kikopo cha plastiki kinaweza kuwa kimepoteza nguvu, na mkunga atadhani ni shingo ya kizazi iliyogoma.

Mwongozo huu ni wa hospitali, au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana. Zahanati haianzishi uchungu kwa dawa yoyote. Inampa mama rufaa.

Kwanza, je, kuna sababu?

Sababu zinazokubalika zinajulikana: mimba iliyotimiza wiki 41, chupa ya uzazi (mfuko wa maji) iliyopasuka mimba ikiwa imekomaa na uchungu hauji, kifafa cha mimba au dalili zake, na hali nyingine ambazo daktari ameona mtoto yuko salama zaidi nje kuliko ndani. Mama kuchoka si sababu. Daktari kusafiri Ijumaa si sababu pia, ingawa hutokea zaidi ya inavyokubaliwa hadharani.

Hakiki wiki mwenyewe. Kipimo cha ultrasaundi cha miezi ya mwanzo kinaaminika kuliko tarehe ya hedhi inayokumbukwa kwa kubahatisha. Ziko "wiki 41" ambazo ni 38, na mtoto wa 38 aliyelazimishwa kutoka anaweza kupelekwa wodi ya watoto wachanga akihangaika kupumua.

Kisha tafuta kinachokataza. Misoprosto haipewi mama mwenye kovu kwenye mji wa mimba: aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, aliyeondolewa uvimbe kwenye ukuta wa kizazi, au aliyewahi kupasuka kizazi. Hapa usitegemee kadi peke yake. Mfunue tumbo uangalie. Makovu mengine yamejificha chini kabisa, kwenye mstari wa nywele, na wapo akina mama wasiotaja upasuaji wa zamani wakihofia kurudishwa kisuni. Haipewi pia kondo la nyuma likiwa limeziba njia, mtoto akiwa amelala kimshazari, kitovu kikiwa kimetangulia, mama akiwa na vidonda vibichi vya tutuko sehemu za siri, au mapigo ya moyo wa mtoto yakiwa tayari na kasoro. Mama aliyezaa mara tano au zaidi daktari amwamue yeye mwenyewe, kwa kuwa kizazi chake huitikia haraka na hupasuka kwa urahisi zaidi.

Liko swali moja ambalo fomu nyingi hazina: mama amekunywa nini nyumbani? Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zinatumika mjini na vijijini, na nyingi zinakaza kizazi kwelikweli. Zikikutana na misoprosto, hakuna anayejua dozi ya jumla ni ngapi. Uliza kwa upole, ndugu wakiwa wametoka nje: "Mama, tangu jana umekunywa chai yoyote ya mizizi au majani? Hatugombi, tunataka tujue dawa yetu tuanze lini." Akikubali kuwa amekunywa, usianze. Mweke chini ya uangalizi, pima mikazo, na daktari aamue saa ya kuanza.

Alama za Bishop

Dawa ya kulainisha ni ya shingo ambayo haijawa tayari. Daktari wa uzazi Edward Bishop alitoa mfumo wake wa alama za kupima utayari wa shingo mwaka 1964, na bado ndio unaotumika. Vidole viwili vinajibu maswali manne, mkono juu ya tumbo unajibu la tano.

Mlango umefunguka kiasi gani? Ukiwa umefungwa ni 0, sentimita 1 hadi 2 ni alama 1, sentimita 3 hadi 4 ni alama 2, sentimita 5 kwenda juu ni 3. Urefu wa shingo: zaidi ya sentimita 4 ni 0, sentimita 3 hadi 4 ni 1, sentimita 1 hadi 2 ni 2, chini ya sentimita 1 ni 3. Ugumu: ikiwa ngumu kama ncha ya pua yako ni 0, laini kama mdomo wako ni 2, iliyo kati ya hapo ni 1. Mwelekeo: nyuma 0, katikati 1, mbele 2. Kichwa cha mtoto kikipapaswa tumboni: sehemu nne kati ya tano zikisikika ni 0, tatu ni 1, mbili ni 2, moja ni 3. Jumla ya juu kabisa ni 13.

Mfano. Mlango umefungwa (0), shingo ina sentimita 3 (1), ugumu wa kati (1), imeelekea nyuma (0), kichwa kiko sehemu nne juu (0). Jumla 2. Huyu ukimtundikia dripu ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, atapata maumivu ya siku nzima na mlango utabaki palepale, kisha ataishia kwenye kisu. Ndiye wa kulainishwa kwanza. Mwenye alama 6 au zaidi hana haja ya misoprosto. Daktari anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kupasua chupa na oksitosini. Andika kila alama peke yake, si jumla tu, ili atakayepokea zamu ajue ni kitu gani kimebadilika.

Kuchanganya dawa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza misoprosto ya kunywa, maikrogramu 25 kila baada ya saa 2. Penye vidonge vilivyotengenezwa kwa maikrogramu 25, tumia hivyo na uruke sehemu hii. Penye vidonge vya 200 peke yake, dawa inayeyushwa kwenye maji. Kukikata kidonge vipande vinane kwa wembe ni desturi ya zamani inayostahili kuachwa: kipande kimoja kinatoka kikubwa, kingine kinakuwa vumbi, na hata vikilingana kwa macho, dawa haikugawanyika sawasawa ndani ya kidonge.

Soma pakiti kwanza. Viko vidonge vya 200, vya 100 na vya 25. Hesabu inayofuata ni ya kidonge cha 200 tu.

Chukua chupa safi yenye kifuniko, inayoingia zaidi ya mililita 200 ili ipatikane nafasi ya kutikisa. Pima maji safi ya kunywa kwa bomba la sindano lisilo na sindano: bomba la mililita 50 mara nne, au la mililita 20 mara kumi. Usiamini mstari wa kwenye chupa ya soda wala jagi la jikoni. Tumbukiza kidonge kimoja, funga, tikisa mpaka kimomonyoke. Chengachenga nyeupe zitabaki zikielea au kutuama chini, na hilo ni la kawaida. Sasa kila mililita moja ina maikrogramu 1, na dozi ni mililita 25.

Kosa linalojirudia ni la chupa ya mililita 100. Mtu anatia kidonge kilekile kwenye maji nusu, kisha anapima mililita 25 kama alivyozoea, na mama anameza maikrogramu 50 kila saa 2. Ndiyo maana chupa ibandikwe lebo: jina la mama, namba ya kitanda, "misoprosto maikrogramu 1 kwa mililita", tarehe na saa ya kuchanganya, saa ya kumwaga. Mchanganyiko ukifikisha saa 24 unamwagwa. Chupa moja ni ya mama mmoja, na inakaa mezani kwa muuguzi. Ikiachwa kando ya kitanda, shangazi mwenye haraka atammiminia mwali wake kikombe kizima ili amalize mapema.

Tikisa kabla ya kila dozi. Usipotikisa, dozi za mwanzo zinaweza kuwa nyepesi na ya mwisho nzito. Dozi mimina kwenye kikombe kidogo cha dawa, mama anywe mbele yako. Bomba lenye dawa ya kunywa lisilale kwenye trei moja na mabomba ya mshipa, hata kwa dakika moja.

Chupa ya mililita 200 ina dozi nane, na nane ndiyo mwisho wa siku. Anayeanza saa 2 asubuhi anafika dozi ya nane saa 4 usiku. Hapa pana mtego wa kwetu: fomu nyingi hujazwa kwa saa za kizungu, na mdomoni tunasema saa za Kiswahili. "Dozi ya saa nne" kwa aliyeondoka ni saa 4 asubuhi, kwa aliyeingia akiisoma fomu ni 4:00, yaani alfajiri. Andika 08:00, 10:00, 12:00, hadi 22:00, na wakati wa kukabidhiana zamu zitajwe kwa namba za fomu.

Kuanza asubuhi kunasaidia, lakini uchungu wenyewe mara nyingi utakolea usiku. Angalia orodha ya zamu ya usiku kabla ya kutoa dozi ya kwanza. Muuguzi mmoja akiwa na akina mama kumi na wawili, usiwaanzishie watatu siku moja.

Kabla ya kila dozi

Saa ikifika, dozi haijawa halali bado. Saa inakuita tu uende kumpima mama, kisha uamue. Kizazi kinaweza kupasuka hata kwa misoprosto ya dozi ndogo huku fomu imejazwa vizuri: dozi zote nane, kwa wakati, bila aliyeweka mkono tumboni.

Weka kiganja juu ya tumbo, karibu na kilele cha kizazi, kwa dakika 10 kamili kwa saa ya ukutani. Hesabu mikazo na urefu wa kila mmoja. Usimuulize mama peke yake. Yupo anayekazwa mara nne akinyamaza, na yupo anayelia kwa mkazo mmoja. Kisha sikiliza moyo wa mtoto kwa dakika nzima mara tu mkazo unapoachia, kwa fetoskopu au kwa kifaa cha dopla kama kile kiitwacho Moyo. Kawaida ni mapigo 110 hadi 160. Halafu mapigo ya mama, presha, joto, na kama kuna damu au maji yanatoka, rangi gani.

Mikazo ikiwa mitatu au zaidi katika dakika 10, usimpe. Ikifika mitatu na kila mmoja unachukua sekunde 40 au zaidi, uchungu umeingia: misoprosto imekoma kabisa, patografu (chati ya kufuatilia uchungu) inafunguliwa. Mapigo ya mtoto yakitoka nje ya kawaida, usimpe, mwite daktari. Ukisitasita, usimpe; rudi baada ya nusu saa upime tena. Kuchelewesha dozi moja kuna hasara ndogo sana.

Na hii ndiyo sababu njia ya kunywa imependekezwa mbele ya nyingine. Ikinywewa, misoprosto hufika kileleni kwenye damu karibu na dakika 30 na nguvu yake huisha baada ya kama saa 2. Ikiwekwa ukeni hupanda polepole na hukaa saa 4 hadi 6. Ukikosea kwa ile ya kunywa, kosa linakwisha mapema. Chini ya ulimi dawa hupanda haraka na juu mno. Njia hiyo waachie waliokwisha kujifungua.

Dakika 30 baada ya kila dozi, rudi usikilize mtoto tena. Mikazo ikishaanza, sikiliza kila nusu saa. Kupima njia kwa vidole hakuhitajiki kila dozi, hasa chupa ikiwa imepasuka, kwa kuwa kila kidole kinapeleka vijidudu ndani. Kila saa 4 inatosha, au mikazo inapobadilika. Chupa ikipasuka katikati ya zoezi, pima mara moja uhakikishe kitovu hakikushuka, na sikiliza moyo wa mtoto kabla ya kufanya kingine chochote.

Mama anakula na kunywa kama kawaida katika kipindi hiki, anatembea, anaoga. Mwambie mapema kwamba shughuli inaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Kuna wanaotetemeka, kupata homa kidogo, kichefuchefu au kuharisha. Kwa dozi hizi ndogo huwa si sana. Mwambie pia lini akuite bila kungoja: damu ikitoka, maji yakitoka, mtoto akipunguza kucheza, au tumbo likikaza na kukataa kuachia.

Kizazi kikikaza kupita kiasi

Mikazo zaidi ya mitano katika dakika 10 ni hatari, hata mama akiwa ametulia. Kati ya mkazo na mkazo ndipo mtoto anapopata damu yenye hewa safi. Mapumziko yakikatika, anabanwa. Mkazo mmoja unaodumu zaidi ya dakika 2 una madhara yaleyale.

Ita msaada kwa sauti, usimwache mama. Mlaze ubavu wa kushoto. Kama oksitosini inatiririka, ifunge. Kama kidonge kiliwekwa ukeni, kitoe kwa vidole na ufute mabaki kwa shashi iliyolowa. Tundika maji ya mshipa. Sikiliza mtoto bila kukoma. Daktari ataagiza dawa ya kulegeza kizazi, kwa kawaida terbutalini maikrogramu 250 chini ya ngozi. Haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, na huongeza mapigo ya mama, kwa hiyo yapime kabla. Iwepo kwenye trei tangu dozi ya kwanza, si kwenye famasia iliyofungwa. Moyo wa mtoto usiporudi ndani ya dakika chache, chumba cha upasuaji kiandaliwe.

Kupasuka kwa kizazi kuna sura yake: maumivu makali ya ghafla kisha mikazo inanyamaza, kichwa kilichokuwa kimeshuka kinapanda, viungo vya mtoto vinashikika kirahisi chini ya ngozi, moyo wake unapotea, mama anakuwa baridi na mapigo yanakimbia. Mikazo iliyonyamaza hivyo wapo waliodhani ni nafuu, wakampa dozi iliyofuata.

Oksitosini baada ya misoprosto

Dawa hizi mbili haziendi pamoja. Baada ya dozi ya mwisho ya kunywa, subiri si chini ya saa 4. Iko miongozo inayotaka saa 6 hadi 8, na kama wa hospitali yako unataka hivyo, fuata huo. Dripu inayoanzishwa saa 1 baada ya misoprosto inakuta kizazi kikiwa bado kimechokozwa, na mikazo inapandiana.

Njia nyingine

Misoprosto ya ukeni ni maikrogramu 25 kila baada ya saa 6, kwa kidonge kilichotengenezwa kwa kipimo hicho, kikisukumwa nyuma ya shingo ya kizazi. Inafaa pale mama anapotapika kila kitu.

Dinoprostoni, dawa nyingine ya kulainisha shingo, ni nzuri lakini ina gharama na inadai baridi, kwa hiyo utaikuta zaidi hospitali za kulipia. Jeli hukaa kwenye jokofu. Utepe wa miligramu 10, unaowekwa ukeni, hukaa kwenye friza. Utepe una kamba ya kuvutia, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa: uchungu ukiingia au mtoto akibanwa, unauvuta unatoka. Ukishatoka, oksitosini inaweza kuanza baada ya dakika 30. Baada ya jeli, subiri saa 6 hadi 12.

Kwa mama mwenye kovu la upasuaji, au pasipo na dawa, kuna mpira wa mkojo wa Foley. Namba 16 hadi 18 hupitishwa kwa usafi wa upasuaji mpaka juu ya mlango wa ndani wa kizazi, puto likajazwa maji tasa mililita 30 hadi 50 kadiri puto lenyewe linavyoruhusu, kisha mpira ukavutwa taratibu na kubandikwa pajani. Unaachwa mpaka uanguke wenyewe au saa 12 ziishe. Hausisimui kizazi kama dawa. Mwenye kovu, uamuzi wa kumwanzishia uchungu kwa njia yoyote ni wa daktari bingwa.

Dozi nane zikiisha

Pima Bishop upya na ulinganishe na ya mwanzo. Ikipanda kutoka 2 hadi 6, kazi imefanyika ingawa uchungu haujaja; hatua inayofuata ni kupasua chupa ya uzazi na oksitosini, saa zikiheshimiwa. Isiposogea, na mama na mtoto wakiwa wazima na chupa haijapasuka, daktari anaweza kumpumzisha usiku huo, kubadili kwenda kwenye mpira, au kurudia kesho yake. Asipewe dozi ya tisa kwa kuwa "imebaki kidogo". Na kabla ya kuandika kwamba dawa imeshindwa, kagua pakiti: tarehe ya mwisho, na kama vidonge vilikuwa vimefunguliwa kabla.

Kizazi kilichosukumwa kwa dawa kinaweza kuchoka mtoto akitoka, na damu ikaja kwa wingi. Oksitosini uniti 10 ya msuli iwe imevutwa kwenye bomba kabla kichwa hakijaonekana. Kilichobaki ndani ya chupa ya misoprosto kimwagwe kabla mama hajahamishwa kwenda wodi ya wazazi, na lebo ing'olewe, ili mwenye kiu asiikute mezani akadhani ni maji.